Kona ya Tata Debra

"Tata, mbona unamwambia Cucu tuko Kona na tuko hapa?"

Nilikuwa darasa la tatu nilipomuuliza shangazi yangu swali hilo. Tulikuwa tao, katikati ya Nairobi, ghorofa ya pili ya jengo moja la River Road, ndani ya kibanda chake cha ushonaji. Yeye alikuwa ameketi kwenye stuli yake, mimi nimekaa juu ya marobota ya vitenge. Kona aliyoitaja kwenye simu ni Dagoretti Corner, kule Ngong Road, mahali ambapo hungefika kutoka River Road siku ya jam bila kwanza kuzeeka kidogo. Tata alitoa pini mdomoni, akazichoma moja moja kwenye kijimto alichofunga mkononi, kisha akasema, "Mami, niokotee huo uzi."

Mimi si mama yake. Baba yangu Mwaura ni ndugu yake, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hiyo mimi ni Hannah kama Cucu. Tata Debra alianza kuniita Mami nikiwa bado nabebwa. Nikimkosea husema, "Mami, kweli wewe ndiye ulinizaa?" na wateja wake wageni hututazama mara mbili mbili.

Niliuokota uzi. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali mengi, na watu wazima walikuwa na njia yao ya kunituma kitu kila swali likiwashinda. Lakini hilo halikunitoka. Sasa niko kidato cha tatu na naweza kueleza kilichotokea mwezi ule, maana sehemu nyingine niliiona mwenyewe, na sehemu nyingine nimeisikia jikoni kwetu mara nyingi, kila mara chai ikiwa tayari na Tata akiwa hayupo.

Kwanza niseme habari ya Kona. Nyumbani kwa Guka, babu yangu, ni Waithaka, na mtu anayetoka tao lazima apite Dagoretti Corner ndipo aiache Ngong Road aingie upande wetu. Kutoka hapo hadi kwa Guka si mbali. Ukipiga simu ukiwa Kona, unayemwendea anaweza kumimina chai na uikute bado ya moto. Ndiyo maana mtu akisema "niko Kona", maana yake ni kwamba amefika. Kwa watu wengine. Tata Debra alikuwa akisema yuko Kona akiwa bado anatafuta kiatu. Alisema yuko Kona akiwa saluni na kichwa kimejaa povu. Familia ilishazoea. Mama hakuwasha moto wa chapati kwa sababu Debra yuko Kona. Aliwasha akisikia sauti yake kwa geti. Na Baba alikuwa na maneno yake: "Kona ya dada yangu iko na miguu. Leo iko River Road, kesho utaikuta Thika."

Kumbe nguo zake hazikuchelewa hata siku moja, na hilo ndilo la ajabu. Nyinyi mnawajua mafundi: "kuja kesho", na kesho ni "kuja Alhamisi", na Alhamisi kitambaa chako hakijakatwa. Tata hakuwa hivyo. Akikuambia Ijumaa, Ijumaa nguo yako imetundikwa, imepigwa pasi, na nyuzi zote zimekatwa. Watu walitoka Karen na magari yao makubwa kumtafuta kwenye zile ngazi zenye giza. Aliyechelewa ni yeye mwenyewe, si kazi yake.

Mwezi ninaousimulia ni Oktoba, mvua ya vuli ikiwa ndiyo imeanza kuchezacheza. Tata Anita, kitinda mimba wa Guka, alikuwa amempata Kiema. Walikutana hospitalini, yeye akiwa nesi mpya, Kiema akifanya kazi maabara. Kiema ni Mkamba wa Mwala, mrefu, mpole, mtu wa kucheka na mabega. Nilimpenda kwa sababu aliyajibu maswali yangu yote, hata lile la kama damu ya mbuzi ina grupu. Wazee wa kwao walikuwa wameshakuja mara moja kubisha hodi. Sasa ilibaki siku yenyewe ya ruracio, yaani kuja kuzungumza mahari na kula pamoja, na ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Guka alikuwa na neno moja tu. Alilisema Jumapili baada ya kanisa, sote tukiwa mezani.

"Anita ni mdogo," alisema. "Debra yuko. Na mkubwa harukwi kimya kimya."

Alieleza, na nadhani alieleza kwa ajili yetu watoto, kwamba mdogo akitangulia kuolewa, amemruka mkubwa wake. Si dhambi, lakini lazima aombwe. Wageni watamletea mbuzi jike na blanketi. Watakaa nje ya geti hadi mkubwa huyo awe ndani na wengine, maana yeye ndiye wa kwanza kuombwa ruhusa. Kisha atasimama mbele ya watu wote, aulizwe kama amekubali kurukwa, aseme ndiyo, na afunikwe blanketi mabegani.

Tata Debra alikuwa amesimama akipakua mukimo. Alimwekea Guka, akamwekea Baba. "Sawa, Baba," alisema. Halafu, mwiko bado hewani: "Na nguo tunavaa rangi gani?"

Meza nzima ililipuka. Mama alitaka kijani, Cucu alisema kijani ni ya wanasiasa, Anita alitaka ile ya kahawia na machungwa aliyoiona kwa picha, Baba akauliza kwani wanaume nao watavaa maua. Walibishana hadi sufuria ikaisha. Hivyo ndivyo Tata Debra alivyokubali kurukwa. Hakuna aliyerudia jambo hilo tena, kwa sababu alikuwa amesema sawa.

Basi mwezi ukatukamata. Guka alipaka geti rangi mwenyewe, kijani kibichi, na kila akimaliza upande mmoja mvua inanyesha na kumwachia michirizi, anaanza upya. Baba alikuwa na vita na choo cha nje. Mama na kina mama wa kanisa walihesabu sufuria za kuazima na kugombana juu ya nani alirudisha ya mwaka jana ikiwa na tundu. Ndizi zililazwa stoo chini ya magunia. Tata Anita alikuwa zamu ya usiku, anaingia asubuhi macho mekundu, anauliza, "Hema imepatikana?" na kulala kabla hajajibiwa.

Na Tata Debra alishona. Alimshonea Cucu, Mama, Anita, shangazi za upande wa Cucu, wasichana wa kuimba getini, vizibao vya wanaume. Wote walimpigia simu yeye. Nilikuwa nikienda dukani kwake Jumamosi, na shule ilipofungwa mapema kwa ajili ya mitihani ya watahiniwa nikawa huko kila siku, kwa hiyo nilizisikia simu hizo. Zote zilikuwa simu moja.

"Debra, nguo ziko tayari?"

"Zitakuwa tayari."

"Debi, yangu iko tayari?"

"Bado mikono."

Siku moja kina mama wa kanisa walipanda ngazi kuja kujaribu zao. Kibanda kilijaa makalio, huwezi kugeuka. Mmoja wao, Mama Stellah, ambaye Mama husema mdomo wake hauna zipu, alikuwa amesimama mikono juu akipimwa kiuno.

"Debra," alisema, "umetushonea sisi wote. Yako nayo utashona lini?"

Alikuwa hasemi habari ya rinda la ruracio. Hata mimi nilijua.

"Kitambaa bado hakijafika," Tata alisema, pini mdomoni. "Kinatoka Kongo."

"Wooi! Basi hiyo kitambaa inakuja na miguu!"

"Inapitia Kona," mwingine akadakia, wakacheka hadi wa kibanda cha pili akagonga ukuta. Tata alicheka pia. Kisha alimgeuza Mama Stellah kwa mabega, polepole, na kumbana kiuno zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nilipouliza nyumbani, Mama aliniambia kuna mtu aliitwa Kibe, aliyekuwa akiwauzia mafundi zipu na vifungo pale River Road. Alikuja kwa Guka kunywa chai mara moja, amevaa tai. Halafu hakurudi. "Na usimuulize Tata," Mama alisema. Sikumuuliza.

Jumamosi yenyewe tulitoka Waithaka kabla jua halijatoka vizuri, mimi na Tata. Kazi ilikuwa ndogo: kupiga pasi ya mwisho, kupanga nguo, kurudi nazo. Okinyi, dereva mwenye Probox, alikuwa amekodiwa kutungoja chini. Tata alipiga pasi haraka, kwa mkono ule wake usiorudi nyuma. Mama wa chai alipopita na chupa zake, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Marinda yalilala juu ya meza, moja juu ya jingine, la Anita juu kabisa.

Nilisimama. Nikachukua sweta yangu.

Tata akaketi.

Alivuta rinda lake mwenyewe kutoka chini ya lile rundo, akalitazama upindo wa chini, akaufumua, akaushona tena. Nilidhani ameona kosa. Alipomaliza akaufumua tena.

Okinyi alipanda ngazi akihema. "Mathe, tuishie, twende zetu? Askari wa kanjo wananizunguka huko chini kama nzi kwa ndizi."

"Bado kidogo, Okinyi."

"Bado nini? Hizo nguo zimepigwa pasi mpaka nzi akitua anateleza!"

"Nimesema bado kidogo."

Okinyi alinitazama. Niliinua mabega. Akashuka akijisemea kwa Kijaluo.

Simu ikalia. Ilikuwa Cucu, na kwa sababu mikono ya Tata ilikuwa na sindano aliiweka kwa spika. "Debra, uko wapi? Watu wa Kiema wameshapita Karen, wanakuja na upande wa juu."

"Niko Kona, Mami."

Hapo ndipo nilipouliza swali langu, na hapo ndipo nilipotumwa uzi.

Cucu alipiga tena. Nyuma ya sauti yake nilisikia wasichana wakiimba, kwa hiyo wageni walikuwa wamefika getini. "Debra, wazee wamesimama. Baba yako hafungui mpaka ufike. Uko wapi sasa?"

"Niko Kona, Mami. Nakuja."

Kule nyumbani, jinsi Mama anavyosimulia, Cucu alimwambia Guka Debra yuko Kona, na Guka akawatangazia wageni: mtoto wangu mkubwa yuko Kona, hapo tu, vumilieni. Mama alitaka kusema neno. Alijua Kona ya Debra. Lakini utasemaje mbele ya wakwe kwamba neno lake lisiaminiwe? Mjomba wa Kiema, Mzee Nthiwa, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa, na mlinzi alikuwa amewafungulia ukumbi wakae. Mzee Nthiwa alikataa kwa adabu. Kama dada yuko karibu hivyo, alisema, si vizuri atukute tumeketi. Tutamngoja kwa miguu.

Wakangoja kwa miguu, na mvua ikaja. Si ile ya kuchezacheza. Nyanya yake Kiema, Mukai, mzee wa kuinama, alikuwa ndiye aliyebeba blanketi la Tata Debra, na alikataa kulitoa mkononi kwa sababu ndilo alilotumwa. Walimweka chini ya mwavuli mmoja na blanketi lake. Maji yalipita.

Kiema hakuweza kuvumilia kuona hivyo. Aliingia kwenye gari lake. Hakumwambia mtu ila Mama, getini: "Kama yuko hapo Kona, si nikamchukue tu?" Mama anasema alisogea tu, gari likapita.

Kwa hiyo simu ya tatu haikuwa ya Cucu.

"Dada Debra, ni mimi Kiema," spika ilisema. "Nimekuja kukuchukua na gari, huku kunanyesha sana. Niko hapa Kona, karibu na wauza miwa. Uko upande gani?"

Tata aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Dada? Naangalia lakini sikuoni, watu ni wengi wamejikinga mvua." Alikuwa akicheka kidogo, kile kicheko chake cha mabega. "Umevaa nini?"

Tata alitazama rinda lake lililokuwa magotini, upindo umefumuliwa. Kidole chake kikabonyeza na sauti ya mvua ikakatika.

Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo. Alizoa nguo zote kwa mikono miwili, akashuka zile ngazi akimwita Okinyi, mimi nyuma nimebeba vizibao. Lakini mvua ilikuwa imefika tao pia, na nyinyi mnajua Ngong Road ikinyeshewa. Okinyi hakufanya mzaha hata mmoja. Tulipofika Dagoretti Corner, wauza miwa walikuwa wamejifunika karatasi za plastiki, na hakukuwa na gari la Kiema. Tata alipiga simu.

"Mami, niko Kona. Sasa kweli niko Kona."

"Kuja polepole," Cucu alisema. "Hakuna haraka tena."

Tulipoingia njia ya kwetu niliona geti kwanza. Lilikuwa limefungwa. Nje kulikuwa na alama za matairi kwenye tope na maua ya karatasi yaliyolowa. Na juu ya geti, katikati, palining'inia blanketi zito, jekundu na jeusi, likichuruzika maji.

Kiema alikuwa amerudi na kusema ukweli, kwamba Debra hayuko Kona. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliulizwa, akajibu. Mzee Nthiwa alimsogelea Guka na kuongea naye kupitia vyuma vya geti, na maneno yake Baba huyarudia neno kwa neno.

"Mzee mwenzangu, sisi tumeelewa. Mtoto wako mkubwa amekataa, na amekataa kwa heshima, hakututukana. Mtu akikuambia anakuja, na ukienda mahali alipo humkuti, hilo ni jibu. Hatuwezi kuingia juu ya hapana yake."

Guka angesema nini? Kwamba binti yake husema hivyo kila siku ya Mungu? Kwamba haikuwa hapana, ulikuwa uwongo tu, uwongo wetu wa nyumbani tuliouzoea na kuufanyia mzaha? Baba anasema Guka alitikisa kichwa, akashika vyuma, akawaambia ngojeni, ngojeni. Lakini sababu hakuitoa. Mukai alitundika blanketi, kwa kuwa limetajwa jina la mtu na hawezi kurudi nalo nyumbani, na wakaondoka.

Tata Anita alikuwa chumbani kwa Cucu, ameketi kitandani na shimizi na leso begani, nywele zimesukwa, uso umepakwa, akingoja rinda. Tata Debra aliingia nalo mikononi. Halikuwa limepata hata tone.

"Iweke hapo," Anita alisema.

"Anita, jam ilikuwa..."

"Ungeniambia tu."

"Mvua, na Ngong Road yote..."

"Debi. Ungeniambia tu."

Tata aliliweka kitandani na kulinyoosha, ule mkunjo mmoja wa mkono, mara mbili tatu, kama bado kuna mtu wa kulivaa. Kisha akatoka nje kwenye mvua kutoa blanketi. Rangi ya geti haikuwa imekauka vizuri. Liliacha manyoya yake pale, na likachukua mstari wa kijani ambao haujatoka hadi leo.

Wote waliambiwa ni jam. Baba alisema jam. Mama alisema jam na mvua. Mimi hakuna aliyeniuliza. Guka alisafiri hadi Mwala mwezi wa Desemba na mfuko wa sukari; Mzee Nthiwa alimchinjia kuku, akamwonyesha ng'ombe zake, akamsindikiza hadi barabarani, na tarehe mpya hakuitoa. Kiema na Tata Anita waliendelea kuonana hadi karibu na Pasaka. Sijui walichoambiana. Kiema alipata kazi Makueni, na nimesikia ana mtoto. Tata Anita aliomba uhamisho kwenda Eldoret. Huja Krismasi, mnene kidogo, mchangamfu, anatuletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu. Yeye na Tata Debra huulizana habari za kazi na za barabara. Hawajagombana hata siku moja. Ila Tata Anita, ambaye tangu utoto hakuvaa kitu ambacho dada yake hakukishona, sasa nguo zake zote ni za dukani, na Tata Debra huitazama mishono ya mabegani.

Tata Debra naye alibadilika. Hajataja Kona tena. Ukimuuliza aliko, anakuambia hadi unachoka: niko kwa ngazi, niko naangalia funguo, niko kwa mlango lakini nimerudi kuzima pasi. Cucu alipougua, na akawa anapiga simu mchana wote kwa sababu alisahau kwamba ameshapiga, nilimsikia Tata akimjibu, kila mara upya: "Niko dukani, Mami. Bado sijatoka. Nikitoka nitakuambia." Cucu alifariki mwaka juzi. Hakuwahi kumuuliza habari ya siku ile, au kama alimuuliza, haikuwa mbele yangu.

Oktoba hii tulipewa likizo fupi ya katikati ya muhula nikaenda River Road kupunguziwa sketi. Mvua ilikuwa imeanza. Tata alikuwa akipiga pasi rinda la bi harusi fulani wa Lavington. Mafundi hutandika blanketi kuukuu mezani chini ya kitu wanachokipiga pasi, na la Tata ni jekundu na jeusi, limeungua pembeni, na mstari wa kijani umekatiza katikati. Nimeliona pale miaka yote. Nilikuwa nimelizoea kama tulivyoizoea Kona.

Simu yake ikalia, akaiweka spika. Ilikuwa sauti ya msichana, na nyuma yake watu wengi wanaongea kwa pamoja. "Fundi, nguo iko tayari?"

"Iko tayari."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa." Tata alisimamisha pasi. "Na wewe, uko tayari?"

Msichana alicheka, akasema aii fundi, swali gani hiyo, halafu akasema ndiyo, niko tayari, na simu ikakatika. Tata hakuendelea na kazi. Alibaki na mkono juu ya blanketi, pale penye rangi, akipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayejaribu kama imekauka.

"Mami," alisema, "siku ile uliniuliza kitu na nikakutuma uzi."

Niliogopa nikiongea atanituma tena.

"Mwezi mzima walikuwa wananipigia. Nguo ziko tayari, nguo ziko tayari. Ningemwambia mamangu niko duka, angeuliza ni nguo gani imebaki." Aliinua pasi, akaiangalia chini yake, akaisimamisha tena. "Na nguo zote zilikuwa tayari, Mami. Ni mimi nilikuwa bado."